Matumbo Yaliyoachwa Juani

Sefru, 28 Novemba 1986

Mama Mkubwa Mahjuba,

Nisamehe. Nimekawia, tena nimekawia vibaya, wala sina uongo wa kukupa. Sikukuu ya Kuchinja imepita, mizeituni imeanza kuchumwa, baridi imeshuka kutoka mlimani, na mimi barua yako ya Agosti bado sijaijibu. Kila nikikaa niandike, kuna kinachoniita. Leo mavyaa wangu na wake wa mashemeji wamekwenda kuoga hamamu. Nimesingizia mafua ndipo nikapata meza.

Nakubusu kichwa, nambusu na Baba Mkubwa Sellam. Kifua chake kikoje? Huku hatujambo. Larbi wangu yuko kwenye useremala wake, wiki hii anatengeneza milango ya nyumba ya mwalimu mkuu. Ghita hajambo. Haja Fadma, mavyaa, ni mzima, kiti chake kizima, na sauti yake inafika mpaka kisimani.

Uliniuliza kama nyama ya sikukuu ilikuwa nzuri. Wanasema ilikuwa nzuri. Mimi tangu siku ile siwezi kuitia mdomoni.

Nyumba hii unaijua. Ndugu wanne, wake wanne, ua mmoja, bomba moja la maji. Kila ndugu na kondoo wake. Wanaume wanachinja, wanachuna, wanatundika, kisha wanakaa kwenye makaa kuchoma maini, na kazi yao imekwisha mpaka mwaka mwingine. Vilivyomo ndani ya kondoo ni vya wanawake. Mbarka, mke wa shemeji mkubwa, anababua vichwa. Wale wawili wa kati wana kwato na ngozi. Mimi ndiye mdogo, kwa hiyo matumbo yote ni yangu. Haja Fadma ana kiti.

Siku ile pia ilikuwa zamu yangu ya mkate. Fundi wa kanzu naye alikuwa akinisubiri nimalize vifungo vya hariri vya bwana harusi mmoja, na Ghita alikuwa anaota meno. Nilianza hili nikaitwa kwenye lile. Basi matumbo yakaoza.

Niliporudi yalikuwa yamevimba ndani ya karai na kugeuka rangi ya majani ya juzi. Nzi walikuwa wengi hata hayakuonekana vizuri, yalionekana yanacheza. Mama Mkubwa, matumbo ya kondoo wanne, siku kuu ya mwaka, na jua la Agosti. Niliyabeba mwenyewe hadi nyuma ya ukuta nikayazika. Hakuna aliyenishikia hata mpini wa jembe. Walisimama mlangoni, mitandio puani.

Sasa jina langu ni Yamna wa Matumbo. Watoto wa Mbarka nikipita wananusa hewa halafu wanacheka. Haja Fadma nikimpa chai anaishika glasi kwa ncha za vidole, kama inateleza. Chokaa ya kusafishia ilinichubua mikono, uzi wa hariri ukawa unanasa kwenye ngozi, na fundi wa kanzu alinirudishia vifungo akasema vina harufu. Havikuwa na harufu. Alikuwa amesikia habari.

Wewe unapikia harusi za watu wengi kuliko mtaa wetu mzima, na sijasikia hata mara moja kwamba chakula chako kilichelewa. Niambie unajuaje la kuanza nalo. Mimi naona yote yanapiga kelele kwa pamoja.

Mwanao,
Yamna


Tanja, 20 Desemba 1986

Yamna mwanangu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, lakini inasomeka. Baba Mkubwa wako anakohoa, anakula vitunguu saumu vibichi na hakuna anayetaka kukaa karibu naye, hilo analiita tiba. Harusi zimepungua kwa ajili ya mvua. Niliwapikia watu wa mtaa wa juu wiki iliyopita, bibi harusi alilia tangu mwanzo mpaka mwisho na mama yake akala kuku wawili.

Sasa nikuseme, maana ndivyo nilivyo. Mtoto wa mdogo wangu anaacha matumbo yaoze siku ya sikukuu? Nimecheka kwanza, halafu nimechukia, halafu nimekaa naona haya peke yangu jikoni. Bibi yako angefufuka.

Sikiliza. Kazi haipangwi kwa ukubwa, wala haipangwi kwa anayepiga kelele. Inapangwa kwa kuoza. Shika kila kitu kilicho mbele yako ujiulize: nikikiacha hiki mpaka jioni, kitakuwaje? Ngozi ukiitia chumvi inangoja. Kichwa kinangoja. Nyama yenyewe ndiyo inataka kabisa kuachwa, ilale ikitundikwa, na anayeikata siku ile ile anaiharibu kwa kiherehere. Vifungo vinangoja mwezi na havinuki, muulize huyo fundi wako. Anayekupigia kelele naye anangoja, koo litamkauka. Tumbo halingoji. Linamwagwa, linageuzwa, linapakwa chokaa, linakwanguliwa kwa maji ya moto, na hapo ndipo unaruhusiwa kukumbuka kwamba una miguu. Nikiwa na wasichana wapya jikoni hili ndilo la kwanza kuwaambia. Asiyelishika namrudisha kwao.

Wewe siwezi kukurudisha kwenu.

Ila kuna jambo limenikaa kooni. Umeniandikia karai la matumbo ukurasa mzima, na Ghita umempa maneno mawili. Tena umeandika "niliporudi". Ulikuwa umekwenda wapi, Yamna?

Mama yako mkubwa,
Mahjuba


Sefru, 3 Machi 1987

Mama Mkubwa,

Nakusalimu wewe na Baba Mkubwa. Kitunguu saumu hakitibu kifua, mpeleke kwa daktari. Milozi imechanua huku na theluji ya mlimani imeanza kupungua. Larbi amejikata kidole kwa tezo, si sana.

Barua yako nimekaa nayo chini ya godoro majira yote ya baridi. Safari hii sikukawia kwa kazi. Nilikawia kwa sababu kila nikiitoa, nikifika pale ulipocheka, naikunja tena.

Lile swali ulilonifundisha nilijiuliza siku ile ile, hapo hapo uani, mikono imejaa uchafu. Nikiliacha hili mpaka jioni, litakuwaje? Nikapata jibu, nikayaacha matumbo.

Ghita alikuwa na joto tangu asubuhi. Nilimwambia Haja Fadma. Akasema ni meno, watoto wote wanaota meno, na hakuna aliyepata kuacha karai kwa ajili ya jino. Nikarudi kwenye chokaa. Mbarka ndiye aliyekuwa karibu na mlango wa chumba changu, na ndiye aliyeniita, si kwa haraka, kama mtu anayekuambia maziwa yanachemka. Nikamkuta mtoto macho yamegeuka, miguu inapiga, povu mdomoni. Degedege. Nilimshika kwa mikono ile ile, Mama Mkubwa. Nilimpaka mwanangu uchafu wa matumbo usoni kwa sababu sikupata nafasi ya kunawa.

Nikamkimbiza kwa baba yake. Alikuwa kwenye makaa na kaka zake, mishikaki ya maini mkononi. Nikamwambia tumpeleke hospitali. Alimtazama mtoto, kisha akamtazama mama yake. Haja Fadma akasema, "Limeshapita hilo, tazama, amelala. Maliza matumbo mwanangu, yakioza ni aibu ya nyumba nzima."

Larbi akasema, "Maliza kwanza, Yamna. Halafu tutamtazama."

Alikuwa anatafuna.

Nililisukuma karai chini ya ngazi, mahali pa kivuli, nikamwaga chumvi juu na kulifunika kwa gunia bichi. Hayo niliyafanya, uyaandike moyoni mwako. Kisha nikambeba mtoto, nikatoka. Barabara nzima milango imefungwa, kila nyumba moshi wa nyama, si gari wala punda. Nilitembea. Njiani lilimshika tena.

Hospitali walimpoza, wakamchoma sindano, wakamlaza. Muuguzi alininawisha mikono yeye mwenyewe kwa sababu mimi nilikuwa nimeisahau. Daktari aliniambia mtoto huyu joto likimpanda asingojewe hata kidogo, kwa kuwa likishamshika mara mbili linajua njia. Hakuna aliyekuja kututazama. Tulirudi kesho yake mchana.

Karai lilikuwa katikati ya ua.

Juani. Gunia limeondolewa. Nyumba yenye wanawake watatu wazima, na bomba liko hapo hapo, hakuna aliyetia mkono. Wangeyatupa ningeelewa. Wangewapa paka. Waliyahifadhi mpaka nije niyaone. Walistahimili harufu ile usiku kucha na asubuhi nzima, wakala sikukuu yao wakiinusa, ili tu nifundishwe. Hicho ndicho kinachonitapisha mpaka leo. Uchafu wa kondoo nimeuzoea.

Nilipouliza nani amelisogeza, Mbarka alisema limesogezwa watoto wapate kupita. Larbi alikuwa amekaa kwenye ngazi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Sikukwambia kwa sababu niliona haya kwa ajili yao. Mtu akiolewa, aibu ya nyumba inakuwa yake hata akiichukia.

Sasa Haja Fadma ameshatangaza. Sikukuu inayokuja, matumbo ya nyumba yote ni yangu tena, na kondoo wa kaka yake atachinjiwa kwetu pia, nimsafishie na huyo, ili nifute aibu niliyoileta. Itakuwa Agosti tena na joto lile lile. Ghita ameanza kutembea, na kila akipata mafua simalizi hata kusuka nywele zake, mkono wangu uko kwenye paji lake.

Nataka kukuuliza jambo moja. Kile chumba chako cha juu, alichokuwa analala mwanao Kamal kabla ya kuoa, bado kiko tupu?

Yamna


Tanja, 2 Aprili 1987

Yamna mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara moja tu, nikaifunga. Kifua cha Baba Mkubwa wako ni kile kile. Daktari amempa chupa, anainywa pamoja na vitunguu.

Nilikuhukumu kwa karai nisilolijua. Basi.

Kwa dereva wa basi la Fas, yule mwenye jino la fedha, nimekuwekea kifurushi. Mna fulana ya sufi ya Ghita na kipimajoto cha kioo kwenye bomba lake la plastiki. Unaweka kwapani, unambana mkono, unasubiri. Usipime tena kwa kiganja, kiganja cha mtu aliyechoka hakisemi kweli.

Unataka kujua kama umekosea mpango wako. Hukukosea. Umepanga kama mpishi. Nyumba hiyo ndiyo haijui kinachooza.

Kuhusu Larbi. Usimhutubie. Maneno hayana harufu. Jikoni kwangu msichana akisema kazi ya mwenzake ni nyepesi, simjibu, nampa. Nunua tumbo, umwekee mbele, ukae utazame. Mwanamume ambaye hajawahi kuligeuza tumbo kwa mkono wake anadhani linazaliwa jeupe.

Mama yako anakusalimu. Nilimpitia niliporudi kutoka Larashi. Anasema uvumilie. Nimekupa kama alivyonipa, sikuongeza kitu.

Harusi zimeanza, nina tatu kabla ya Ramadhani. Chumvi yenu huko ni chafu, nitakutumia ya huku.

Mahjuba


Sefru, 8 Julai 1987

Mama Mkubwa,

Nakubusu kichwa. Idi ya Ramadhani ilipita salama, nilipata kuwasikia kwa simu ya posta lakini kulikuwa na watu nyuma yangu, sikuweza kusema. Cheri zimekwisha, mwaka huu zilikuwa nyingi mpaka watoto waliharisha nyekundu. Ghita anasema maneno, la kwanza ni "hapana". Haja Fadma anasema nimemfundisha. Pole kwa Baba Mkubwa kulazwa, na nashukuru ametoka.

Kipimajoto kilifanya kazi. Mei joto lilimpanda Ghita, nikaliona mapema, nikampoza, degedege halikumshika.

Kuhusu chumba cha juu hukunijibu, nami siulizi mara ya pili. Nilikununia mwezi mzima, ukweli ni huo. Kisha nikafikiri: una sababu zako, na huenda sababu zenyewe ni mama yangu. Yaishe.

Nilifanya ulivyosema. Siku moja ya Juni nilikwenda sokoni, nikanunua tumbo zima la ng'ombe, bichi, limejaa kama lilivyotoka, na chokaa kwenye karatasi. Sikulipeleka nyumbani. Nilipita nalo moja kwa moja karakana kwa Larbi, Ghita mgongoni. Alikuwa anapiga randa mlango wa mtu, mahali pote pananukia mwerezi, amejisafisha, ana penseli sikioni. Nikaliweka karai kwenye meza yake ya kazi.

Akauliza hiki nini. Nikamwambia chakula cha mchana, akisafishe.

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Akasema hajui. Nikamwambia nitamwelekeza, nami nikakaa kwenye gogo. Mama Mkubwa, alilipasua vibaya, likammwagikia kwenye viatu. Alirudi nyuma mpaka ukutani. Alitapika kwenye rundo la maranda, akanawa, akarudi, akatapika tena. Watu waliokuwa wakipita walichungulia, mmoja akamwambia, "Hongera bwana harusi." Ghita alipiga makofi. Ningekuwa na moyo mwingine ningecheka, lakini kila alipokwangua nilikuwa naisikia ile harufu na mate yananijaa mdomoni. Nilikaa. Hakuna aliyeniondoa kwenye yale manne, kwa hiyo sikumwondoa kwenye hili moja.

Alipofika katikati, mikono imeanza kuwasha kwa chokaa, akasema bila kuniangalia, "Na siku ile yalikuwa manne."

Nikasema ndiyo.

Akakwangua tena. Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyelisogeza. Mama aliniambia niliweke juani ili ujifunze. Nikaliweka."

Mwaka mzima nilidhani ni Mbarka. Mwaka mzima nimempa Mbarka mgongo, na yeye hata hakujitetea. Huyu nilikuwa nalala naye, namfulia, namtoa vibanzi vidoleni kwa sindano yangu ya vifungo. Nilimtazama pale alipo, mavi ya ng'ombe mpaka viwikoni, nikamwona mchafu, lakini si kwa kile kilichokuwa mikononi mwake.

Nilitaka kuondoka, nimwachie na tumbo. Ghita alikuwa amelala mgongoni, amenilowanisha shingo kwa mate. Nikabaki.

Nikamwambia, "Malizia kukwangua."

Akamaliza. Likatoka jeupe, si haba. Nilipika pale pale kwenye jiko lake la kuchemshia gundi, tukamwita jirani yake mshona viatu. Larbi hakula. Mimi nilikula kidogo, cha kwanza tangu siku ile, nikakitema nje.

Juma lililofuata alikwenda mwenyewe kwa mama yake. Sikumtuma, wala sikumsindikiza. Alimwambia mwaka huu kondoo wetu atachinjiwa kwetu, na kwetu ni vyumba viwili vilivyo juu ya karakana yake. Haja Fadma hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mwanamume anayehama kwa ajili ya matumbo hajawahi kuonekana Sefru. Larbi akasema basi ameonekana. Kaka zake hawajamsalimu mpaka leo. Kondoo wa kaka yake Haja hajulikani atasafishwa na nani, wanatazamana.

Nilimwendea Mbarka, nikamwambia nilimdhania vibaya. Akaendelea kupepeta ngano. Akasema aliliona karai likisogezwa na akanyamaza, kwa hiyo tusipimane. Kisha akanipa ungo wake wa zamani wa kuhamia nao.

Siku ya sikukuu, tukishamaliza, tutakwenda kumbusu Haja Fadma kichwa. Mtoto atavaa nguo mpya, nami nitakunywa chai yake. Heshima sikumnyima na sitamnyima. Matumbo yake atafute pa kuyapeleka.

Usiniulize kama nimemsamehe Larbi. Yeye haniulizi. Anaamka kabla yangu, anachota maji. Mpango wetu wa siku hiyo umeshapangwa, nimemwambia kwa mdomo na amekubali: kwanza namtia Ghita kipimajoto, yeye akishika mikono yake. Kisha tumbo, na tumbo ni lake. Mengine yote yatangoja mimi niseme yafuatane vipi. Vifungo nimeanza tena, kwa fundi mwingine wa kanzu, mwenye pua iliyoziba.

Hatuna vitu. Tulitoka na godoro, sanduku langu, ungo na karai. Kama dereva wa jino la fedha bado anapita, nitumie kabla ya mwezi kuandama:

Ile chumvi ya mawe uliyoniahidi, ya kutosha ngozi moja.

Kisu kimoja butu cha kukwangulia. Kikali anacho, atajikata.

Sabuni ya kipande ya kufulia. Usitume ya waridi, inachanganyika na harufu na kuwa mbaya zaidi.

Kamba ya kuanikia nyama, fupi tu. Kondoo ni mmoja.

Kipimajoto kingine. Cha kwanza Ghita alikiangusha juzi, na sasa narudia kiganja, silali.

Karai usitume. Nilihama na lile lile, waliniachia kwa furaha.

Na glavu za mpira, zile wanazovaa waosha vyombo wa mahotelini huko kwenu. Jozi moja. Kubwa, za mkono wa mwanamume.